Uzi Huchaguliwa Mlangoni

Jericho,
Jumamosi jioni, mwisho wa Januari

Nanjala mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, ukaniachia nyumba yenye sanduku moja katikati ya sebule. Nimelizunguka mara tatu kwenda jikoni na kurudi. Sasa nimekaa. Jua lingali dirishani na nataka nimalize kabla hujarudi, kwa maana ukirudi nitaanza kukuuliza kama umebeba sweta, na Mombasa sweta ni ya nini.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Shangazi yako Beatrice alikaa nawe jana tangu saa nane, akakueleza habari za maji ya chumvi, za wenye nyumba, za wanaume na za kufuli. Nilikuwa jikoni nikimsikia. Kwa upande wa wanaume nilikubaliana naye kwa yote, ingawa alipotoa mfano alinitaja mimi.

Mimi nina jambo moja. Jumapili iliyopita tukiwa mezani uliniambia kazi uliyopata ni katika ghala la hao wanaouza vitu kwa simu. Nilikujibu hivi: "Basi nenda ukawafanyie kazi waliofunga duka la mama yako." Uliweka kijiko chini. Ulichukua sahani yangu ikiwa bado na ugali, ukaenda kuiosha. Tangu siku hiyo unanisalimia vizuri na kunipikia vizuri, na hatujazungumza.

Sitaki uende na maneno yale. Hayakuwa ya kweli, na nilijua hivyo yakiwa bado mdomoni. Duka la mama yako halikufungwa na simu. Nililifunga mimi. Wewe ulijua nusu ya habari hii, na marehemu mama yako alijua nusu nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nazo zote mbili, nikakaa kimya nikaacha simu ilaumiwe.

Wewe ulizaliwa duka likiwa tayari liko, kwa hiyo huenda hujawahi kulitazama kama kitu kilichoanzishwa na mtu. Lilikuwa chumba chembamba sana pale sokoni. Mama yako akinyoosha mikono yote miwili alikuwa anagusa kuta. Aliuza vifungo, zipu, lastiki, sindano, bitana na nyuzi. Nyuma yake kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vifungo vya mmoja mmoja, vya kila namna: vya makoti, vya mashati ya shule, vya sare za askari, vya magauni ambayo walioyavaa walishazeeka. Ndiyo maana soko zima lilimwita Mama Vifungo, na mimi nikawa Baba Vifungo, jina ambalo wenzangu kiwandani walilifurahia kuliko nilivyolifurahia mimi.

Siku moja nilimkuta amemwaga makopo matatu kwenye kaunta. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika koti mkononi, na wote wawili walikuwa wameinamia vifungo kama watu wanaochambua mchele. Walikaa hivyo muda mrefu. Mwisho wakapata kimoja. Yule mwanamke akaondoka na kifungo kimoja.

Nikamwambia, "Mama Nanjala, saa nzima kwa kifungo kimoja?"

Akasema, "Ameangusha kimoja. Nimuuzie dazani akafanyie nini?"

Hilo nililiona ni jibu la mtu asiyejua biashara. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, sehemu ya kufunga. Kule vipande vinakuja kwa mstari, na mstari ukisimama, msimamizi anatoka ofisini. Baada ya miaka mingi ya kazi ile, mtu anaanza kuona kila kilichosimama ni hasara. Nilikuwa hata nikimtazama mama yako akikoroga chai, nikihesabu mizunguko.

Halafu lilikuwepo jambo la nyuzi. Hili unalijua vizuri kuliko mimi, lakini niache niliandike. Mama yako hakumwuzia mtu uzi chini ya taa. Fundi alikuja na kipande cha kitambaa, mama yako akachagua nyuzi tatu au nne zinazokaribiana, kisha akasema, "Twende mlangoni." Wakatoka nje, wakasimama juani, akalaza kila uzi juu ya kitambaa, akaukunja, akaunyoosha, akamwuliza fundi aonavyo. Kama kulikuwa na wingu, walisubiri. Nimewahi kuwaona watu wazima wanne wamesimama nje ya duka lile wakitazama juu, wakingoja wingu lipite, kwa ajili ya uzi wa kijani.

Ukiwa na miaka sita ulinifanyia hivyo na soksi zangu. Ulinitoa nje kwa mkono, ukainama, ukaniambia, "Baba, hii ni nyeusi na hii ni ya bluu, rudi ndani." Nilichelewa kazini siku hiyo na sijawahi kuijutia.

Kiwanda kilipotupunguza, na mama yako figo zikaanza kumsumbua, ilionekana ni kama Mungu amepanga: yeye apumzike nyumbani, mimi nikakae dukani. Alinipa ufunguo hapa hapa sebuleni. Hakunipa maagizo mengi. Alisema tu, "Watu wa benchi usiwafukuze."

Benchi lile nililitengeneza mimi mwenyewe, kwa mbao za kiwandani, mwaka tuliooana. Lilikaa nje ya mlango. Mama Atieno wa mboga alikaa hapo, na mafundi walikaa hapo wakisubiri jua au wakisubiri habari, na Fundi Hamisi alikaa hapo kila siku kabla ya adhuhuri. Fundi Hamisi unamjua, yule mzaliwa wa Pumwani mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Mama yako alikuwa akimwita kaka, kwa hiyo mimi akaniita shemeji, na kwa sababu ni shemeji alijipa ruhusa ya kunitania mpaka machozi.

Wakati huo ndipo watu walipoanza kuja dukani na simu mkononi. Kijana anashika zipu, anaipiga picha, anasoma kwenye simu, anairudisha. "Huku nimeona pakiti nzima, Mzee, na wanaleta mpaka kwa nyumba." Niliogopa, Nanjala. Mtu wa umri wangu, aliyekwisha kutolewa mlango mmoja, akiona mlango wa pili unaanza kutikisika hafikiri sawasawa. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Wewe uliona. Ulikuja jioni moja na simu yako, umeshapiga picha za makopo ya mama yako, umezipanga vizuri. Uliniambia watu watatuma picha ya nguo yao, wewe utawatafutia kifungo kinachofanana, na mtu wa bodaboda atawapelekea.

Nilikwambia, "Duka si picha."

"Baba, watu hawataki kuja hadi Jericho kwa kifungo kimoja."

"Basi wakae bila vifungo."

Ulicheka ukidhani natania. Ukaendelea. Wiki hiyo hiyo mwanamke mmoja wa Donholm akakutumia picha ya koti. Ulitafuta kwenye makopo Jumamosi nzima, ukafunga kifurushi kidogo kwa karatasi ya daftari, ukaandika jina lake na namba yake, ukanipa. Ulikuwa unarudi chuoni. Uliniomba jambo moja tu, nimwite mtu wa bodaboda Jumatatu asubuhi.

Sikumwita. Nilikiweka kifurushi juu ya rafu nikajiambia, akikitaka atakuja mwenyewe. Ulipouliza, nilisema kimekwenda. Alipokupigia yule mama kulalamika ulidhani mtu wa bodaboda alikipoteza. Uliona aibu sana. Ukafuta zile picha zote na hukurudia tena neno hilo. Hii ndiyo nusu ya kwanza, na sehemu yake kubwa hukuijua mpaka leo.

Nusu ya pili ni hii. Baada ya kukukataza simu, niliamua kuishinda simu kwa mbio. Nilijiuliza simu ina nini. Nikaona haina benchi, haina maneno mengi, haina mtu wa kumwaga makopo. Unasema unachotaka, unapewa, mambo yamekwisha. Basi na mimi nitakuwa hivyo. Nilimwita fundi wa kuchomelea akaweka vyuma mbele ya duka, kuanzia kaunta mpaka juu, na katikati akaacha kidirisha cha kupitisha mkono. Benchi nililiondoa nikaliegemeza nyuma ya choo cha soko, ambako baadaye lilipotea. Makopo ya vifungo vya mmoja mmoja nikayamimina kwenye gunia nikalipeleka jalalani, nikabaki na vifungo vya pakiti tu, vipya, vinavyofanana. Nikabandika karatasi: "Sema unachotaka."

Wote waliocheka kuona vyuma vile nawakumbuka. Siku ya kwanza alipita kijana mmoja wa kusukuma mkokoteni, akainama, akanichungulia kidirishani. "Niaje, buda? Uko ndani kwa kosa gani?"

Mama Atieno akamjibu kutoka kwenye mboga zake, "Amekosea mke wake. Bado hajasomewa mashtaka."

Walicheka soko zima. Mimi nilicheka kidogo pia, nikirudisha chenji.

Na kweli mambo yalikwenda mbio. Mtu alisema, nikampa, akaondoka. Mstari haukusimama. Kwa wiki kama tatu nilirudi nyumbani nikijiona nimegundua kitu.

Kisha Fundi Hamisi akaja. Alikuwa amepata kazi ya majoho ya kwaya, kumi na mawili, rangi ya damu ya mzee. Alileta kipande cha kitambaa, akakipitisha kidirishani, akataka uzi wake. Nilikitazama chini ya taa, nikachukua uzi, nikampa. Akasimama akinitazama, anangoja. Najua alikuwa anangoja nini. Nikasema, "Mwingine?" Nyuma yake kulikuwa na mtu mmoja. Akachukua uzi akaenda.

Alirudi baada ya siku nne, amelikunja joho moja kwapani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Shemeji, hebu toka nje."

Nikafungua ule mlango mdogo wa pembeni, nikatoka. Akalitandaza joho juani. Kitambaa kilikuwa damu ya mzee. Uzi ulikuwa zambarau. Kila mshono, mabegani, ubavuni, chini kwenye pindo, ulionekana kama mtu aliyechora kwa kalamu.

"Si ulisema damu ya mzee?" nikamwuliza.

"Nilisema. Lakini sikuuona. Dada asingenipa kabla sijauona."

"Siku ile watu walikuwa wengi."

Fundi Hamisi akageuka taratibu akatazama sokoni, upande huu na upande ule. "Wengi wapi, shemeji?"

Akalikunja joho polepole. Alikuwa na majoho kumi na mawili ya kufumua, na macho yake unayajua.

Akasema, "Sikulaumu. Una mgonjwa nyumbani. Ila kama ni kuchukua kitu nisichokiona, heri nichukue kwa simu. Simu angalau itaniletea hadi mlangoni."

Hakurudi tena. Na fundi mmoja akiacha duka la nyuzi, hawi mmoja. Wakaacha wote, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi, wakinisalimia wakipita. Nilikuwa nimeondoa kila kitu ambacho simu haikuwa nacho, nikabaki na simu mbaya yenye vyuma.

Mama yako wakati huo alikuwa kitandani, au kwenye kile kiti karibu na dirisha nilipokaa mimi sasa. Kila jioni nikiingia alikuwa na swali moja. "Leo nani alikuja?"

Jioni ya kwanza baada ya mambo ya joho nilisema, "Fundi Hamisi alikuja."

"Alichukua nini?"

"Uzi wa kaki. Tulitoka nao mlangoni."

"Jua lilikuwepo?"

"Tulingoja kidogo."

Alifumba macho akatabasamu. Basi nikaendelea hivyo. Kila jioni nilimjazia duka. Nilimkalisha Mama Atieno kwenye benchi ambalo halipo. Nilimtafutia bibi arusi mmoja vifungo vya lulu kwenye makopo niliyoyatupa. Mama yako aliniuliza gauni lilikuwa na mikono mirefu au mifupi, na mimi nikamshonea gauni zima kwa mdomo, nikiwa bado nimesimama na kofia kichwani. Nilikuja kuwa hodari. Njiani kutoka dukani nilikuwa nikiwaza watu wa kumpelekea.

Alipofariki, wewe ulikuwa na shangazi zako mkipokea watu, kwa hiyo hili hukulisikia. Siku ya tatu ya matanga Fundi Hamisi alikuja akakaa nami uani. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia alikuwa akimtembelea mama yako mchana, mimi nikiwa dukani. Mama yako alimwuliza kuhusu benchi.

"Sikuweza kumdanganya mgonjwa, shemeji. Nikanyamaza. Akajua."

Nikamwuliza, "Lini?"

"Siku nyingi. Kabla ya mvua. Akasema nisikwambie kwamba anajua. Akasema, 'Jioni huniletea watu. Nikimwambia, atakuja mikono mitupu.'"

Nimeyabeba maneno hayo mwaka mmoja na nusu na wewe ni mtu wa kwanza ninayempa. Alikuwa akiniuliza kama mikono ya gauni ni mirefu au mifupi, na alijua hakuna gauni. Kila siku natamani jioni moja tu ya zile, niingie, aniulize nani alikuja, niseme: hakuna mtu, Mama Nanjala, nimeharibu. Nadhani angesema kitu kidogo tu kama alivyozoea. Nadhani angeniuliza kama vyuma vinaweza kutolewa. Vilikuwa vimefungwa kwa skrubu, vingetoka kwa asubuhi moja.

Nilirudisha ufunguo wa duka mwezi uliofuata. Kwa watu nilisema siku hizi kila kitu ni simu, na watu walitikisa vichwa, kwa sababu kila mtu ana mahali pa kuibandika hadithi ile. Nilisema mara nyingi mpaka nikaanza kuiamini mwenyewe. Ndiyo iliyonitoka Jumapili mezani, ikakupata wewe, uliyekuwa na kosa dogo kuliko wote.

Kuna kitu sokoni labda umekiona na hukutaka kunitajia. Chumba kile sasa amekichukua Mama Shiru, na anachofanya ni kupokea mizigo ya watu walionunua kwa simu. Mizigo inashushwa pale, watu wanakuja kuchukua. Nilipolisikia nilikaa wiki kadhaa nikipita njia ya nyuma, nisilione. Siku moja nikapita mbele. Vyuma vimetolewa. Nje ameweka benchi la plastiki. Msichana mmoja alikuwa amefungua mzigo wake pale pale, amejiwekea gauni mwilini juu ya nguo zake, na watu watatu kwenye benchi wanamwambia maoni yao bila kuombwa. Mama Atieno alikuwa mmoja wao.

"Rangi gani hii?" Mama Atieno akasema. "Hebu toka hapo kivulini."

Msichana akatoka kivulini.

Nilisimama karibu na muuza ndizi nikajifanya nachagua. Sijui maduka yataisha au hayataisha, mwanangu, na sitajifanya najua. Lakini watu nimewaona. Wanataka kuletewa, na bado wanataka kusimama mahali na mwenzao awaambie kama inawafaa. Mama yako alikuwa na mahali hapo mkononi. Mimi nilidhani ni uchelewaji.

Sasa nikwambie kuhusu Jumanne. Uliniuliza nilikwenda wapi nikiwa nimevaa koti la kanisani, nikasema nilikuwa na shughuli.

Nilipokuwa nahamisha vitu vya duka nilikuta kile kifurushi chako bado juu ya rafu. Nilikitia kwenye mfuko wa koti hilo na sikukigusa tena. Baada ya Jumapili sikuweza kukaa. Jumanne asubuhi nikasoma namba uliyoiandika nikapiga. Nikamwambia yule mama mimi ni baba wa msichana wa vifungo, wa Jericho. Akasema, "Mnauza tena?" Nikasema hapana, nina kitu chake. Akanielekeza nyumba.

Kufika Donholm nilipotea mara mbili. Alinifungulia mlango mwanamke mrefu, mtu mzima, mwalimu aliyestaafu. Nikampa kifurushi mlangoni, nikamweleza kwamba hakikupotea, kwamba mimi ndiye niliyekiacha rafuni, na wewe hukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimepanga kuyasema hayo na kuondoka.

Akasema, "Ngoja, Mzee." Akatoa simu, akatafuta, akanisomea ujumbe uliomwandikia siku ile. Nilimwomba anisomee mara mbili, kwa hiyo naukumbuka:

"Shikamoo mama. Nimetoka na kifungo nje juani nikakilinganisha na picha yako. Lakini picha hudanganya rangi, kwa hiyo nimekuwekea viwili, kimoja kimekoza, kingine kimepauka kidogo. Simama navyo mlangoni pako asubuhi, uchague. Kisichofaa turudishie."

Sikujua kuna viwili ndani. Sikuwa nimewahi kukifungua kifurushi.

Akaingia ndani akarudi na koti, la sufu, la kahawia. Bado kifungo kilikosekana, cha pili kutoka juu. Alisema hajapata kingine. Basi tukasimama pale mlangoni pake, mimi na mtu nisiyemjua. Kulikuwa na wingu, tukangoja. Nilikuwa nimeshika kifungo kimoja na yeye kingine, tunatazama juu. Jua lilipotoka akavilaza vyote viwili juu ya sufu. Kilichokoza kilikaa kama kilizaliwa pale.

Alifurahi kama mtoto. Akasema, "Duka lenu liko upande gani, nije nichukue na uzi wake?"

Nikamwambia, "Hakuna duka, mwalimu. Nililifunga."

Ndiyo mara ya kwanza niliyasema maneno hayo, nililifunga, na nikayasema kwa mgeni.

Akaniuliza, "Na yule msichana?"

"Anakwenda Mombasa. Amepata kazi."

"Kazi gani?"

Nilikuwa tayari kusema anakwenda kuwafanyia kazi wale watu. Nikasema, "Anakwenda kuwachagulia watu vitu."

Akaitikia kwa kichwa kama jambo la kawaida kabisa. "Basi wamepata mtu," akasema.

Nanjala, nililia kwenye kituo cha basi, bila aibu. Mama yako hakuwa ametupwa jalalani pamoja na makopo. Ulikuwa umeshamtia ndani ya ile simu niliyokuwa nakukataza, umemsimamisha mlangoni kwa watu wa Donholm, na mimi nimemwacha rafuni anapigwa na vumbi. Nilipigana na simu nikampiga yeye. Wewe ndiye uliyekuwa umelifungua duka lake mara ya pili.

Kwa hiyo ninayarudisha maneno yangu ya Jumapili. Nayarudisha yote, kwa maandishi, ukae nayo. Nenda kazini kwako moyo mweupe. Watakuharakisha, sehemu kama zile nazijua, mstari haupendi kusimama. Sikwambii usiharakishe, kwa sababu utahitaji mshahara. Lakini siku utakapoogopa, na kila mtu huogopa, angalia unachokiondoa kwanza. Mimi nilipoogopa nilianza na benchi.

Na ukikosea, usimpe mtu mwingine lile kosa alibebe. Mimi niliipa simu, halafu nikakupa wewe. Halikupungua uzito.

Nasikia sauti zenu kule barabarani, na mmoja wenu anaimba vibaya, sitasema nani. Nitaitia barua hii sandukuni, chini ya nguo, uikute huko. Ndani ya bahasha kuna kifungo, kile kilichopauka. Mwalimu alinirudishia kama ulivyoomba. Hakifai koti lolote tulilo nalo na si lazima ukishone popote.

Lakini siku utakapokishika, nikumbuke. Usinikumbuke nyuma ya vyuma vile. Nikumbuke Jumanne ile, kwenye mlango wa watu, koti la kanisani mwilini na kifungo mkononi, nangoja wingu lipite.

Baba yako